Namna ya kuwa kocha wa mashambulizi kwenye futiboli ya vyuo Marekani, hata kama hujawahi kuvaa helmeti

Kila Januari simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuo huku Texas, nimeupenda huu mpira wao, nifanyeje niwe kocha kama wewe?" Marahaba. Nimeshajibu kwa sauti mara nyingi mpaka nimechoka, sasa naandika.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Nilifika Iowa Agosti 2012 kusoma takwimu, na mpaka siku ile nilikuwa sijauona mchezo huu hata kwenye televisheni. Leo nafundisha ukuta wa mashambulizi kwenye chuo cha Divisheni ya Pili, huku katikati ya Marekani. Si chuo utakachokiona kwenye runinga Jumamosi. Lakini mshahara unaingia, nina ofisi yenye dirisha, na kuna vijana kumi na saba wazito kama magunia ya mkaa wanaonisikiliza nikipuliza filimbi.

Kwa asiyeujua mchezo: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa manne mengine. Ikishindwa, mpira unaenda kwa mpinzani. Mashambulizi ni kikosi cha watu 11, ulinzi ni kikosi kingine kabisa cha watu 11, na kila kikosi kina makocha wake. Upande wetu kuna kwotabeki anayerusha mpira, ranibeki anayekimbia nao, marisiva wanaoudaka, taiti endi ambaye ni popo, nusu mnyama nusu ndege, maana anazuia na kudaka pia, na watu watano wa ukuta ambao kazi yao ni kuzuia wengine wasipite. Kila kundi lina kocha wake. Juu yao yupo mratibu wa mashambulizi, ndiye anayechagua mchoro upi uchezwe kila jaribio. Wanaoniandikia wote wanataka kuwa huyu. Hakuna anayeanzia pale.

Vyuo vyenye timu ni zaidi ya 600. Juu kabisa kuna vya FBS, zaidi ya 130, ndivyo vyenye viwanja vya watu laki moja. Chini yake FCS, kisha Divisheni ya Pili, kisha Divisheni ya Tatu ambayo haitoi skolashipu ya michezo hata moja, halafu NAIA, chama kingine cha vyuo vidogo, na vyuo vya miaka miwili. Macho ya kila mtu yako juu. Wewe angalia chini, kule watu ni wachache na kazi ni nyingi, kwa hiyo mgeni anapewa nafasi. Hata Kalen DeBoer, aliyeajiriwa Alabama kuwa kocha mkuu mwaka 2024, alianzia huko chini: alichukua ubingwa wa NAIA mara tatu na chuo cha Sioux Falls, 2006, 2008 na 2009.

Ingilia mlango wa uani

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi yenyewe iwe ndani ya chuo. Nilikuwa natafuta kazi maktaba. Maktaba wakasema zimejaa, ubaoni palikuwa na tangazo moja tu limebaki: anatakiwa kijana wa kupiga video mazoezi ya futiboli.

Kazi ilikuwa kusimama juu ya jukwaa la chuma linalopanda kama ngazi ya fundi umeme, nyuma ya lango, na kamera. Mwezi wa kumi na moja, upepo wa Iowa. Vidole vilikufa ganzi nikawa nabonyeza kitufe kwa kifundo. Siku ya kwanza nilifanya kama mtu yeyote aliyekulia Mkwakwani, uwanja wetu wa kandanda Tanga: nikaufuata mpira. Jioni kocha mkuu akaniita, akacheza video yangu, akauliza ukuta uko wapi. Haukuwepo. Nilikuwa nimepiga saa mbili za mtu mmoja anayekimbia.

Kamera ya nyuma ya lango inatakiwa kushika watu wote kwenye fremu mpaka filimbi ilie. Ukiufuata mpira utaona kilichotokea. Ukiangalia miguu ya wale watano, utaona kwa nini. Nilichukua wiki tatu kuacha kuutazama mpira, na nadhani hizo wiki tatu ndizo zilizonipa kazi niliyonayo.

Baada ya kupiga, video inaingizwa kwenye programu. Wengi tunatumia Hudl, ambayo ilianzia Lincoln, Nebraska, mwaka 2006. Kila jaribio linajaziwa jedwali: ni la ngapi, zimebaki yadi ngapi, mpira uko upande gani wa uwanja, wachezaji gani wameingia, wamejipangaje, imetokea nini. Wachezaji huandikwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni idadi ya ranibeki, ya pili ni idadi ya taiti endi. Ukisikia "kumi na moja" maana yake ranibeki mmoja na taiti endi mmoja, waliobaki ni risiva watatu. Mechi nne za mpinzani ni mamia ya mistari ya kujaza, na hakuna kocha mtu mzima anayeipenda hiyo kazi. Ipende wewe.

Msimu wa pili niliona kitu kwenye jedwali la timu moja tuliyokuwa tukutane nayo: kila walipokuwa wanakuja kwa kishindo jaribio la tatu, yaani kutuma walinzi wa ziada wamvamie kwotabeki, sefti wao mmoja, mlinzi wa nyuma kabisa, alikuwa anageuza mguu wa kulia nje sekunde moja kabla. Nikaandika nusu ukurasa, nikaupitisha chini ya mlango wa mratibu. Hakuniambia kitu. Jumatano nikaona kwotabeki wetu anafundishwa kuangalia mguu ule. Jumamosi iliyofuata nikapewa kiti kwenye kibanda cha juu, pamoja na makocha.

Anza na ukuta

Hapa ndipo tunapobishana na wengi. Kila kijana anayeingia kwenye kazi hii anataka kufundisha kwotabeki au risiva, maana huko ndiko kwenye kamera. Nakwambia anza na ukuta. Michoro ya pasi huja na kupita kama mitindo ya nywele, ila wale watano hawabadiliki. Na kocha anayejua kupanga ulinzi wa kwotabeki hakosi kazi muda mrefu, kwa sababu timu zinazofungwa hufungwa hapo.

Kwa ufupi iko hivi. Senta, yule anayeanzisha mpira, anamnyooshea kidole mlinzi mmoja wa katikati na kumpa jina, kwa kawaida "Maiki". Kuanzia kwake tunahesabu. Watatu wa ukuta wanateleza upande mmoja, kila mtu analinda pengo lake. Wawili wa upande wa pili wanashika mtu kwa mtu. Ranibeki anaangalia nani kabaki. Wakija watu saba nasi tunao sita wa kuzuia, yule wa saba ni wa kwotabeki mwenyewe: lazima arushe kabla hajafikiwa. Kijana wa miaka 18 anatakiwa kuyaelewa haya yote huku watu elfu nne wanapiga kelele na saa inahesabu. Ukiweza kumfundisha hilo kwa maneno sita, wewe ni kocha. Ukihitaji maneno sitini, rudi ukajipange.

Watu watakwambia huwezi kufundisha ukuta bila kuucheza. Niliambiwa, na kwa lafudhi yangu niliambiwa mara mbili. Dawa yake ilikuwa begi la kugongea. Nilijitolea kulishika kila siku, mimi na kilo zangu 64. Wiki ya kwanza nilitumia muda mwingi nikiangalia mawingu. Lakini ukishika begi unajifunza kwa mbavu: anayekugonga kwa mabega juu unamhimili, anayekuja chini, viganja ndani, hatua fupi ya kwanza, huyo utamkuta nyumbani kwako. Mpaka leo nikitazama video naisikia ile tofauti kifuani.

Mfano wangu ni kocha Mike Leach. Hakucheza futiboli chuoni, alisomea sheria Pepperdine, akafundisha mpaka Finland. Mwaka 1989 kocha Hal Mumme alimchukua Iowa Wesleyan, chuo kidogo cha Mount Pleasant, na pale Leach alikuwa mratibu wa mashambulizi huku akifundisha ukuta. Walikuwa na michoro michache, wakairudia mpaka vijana wakaweza kuicheza usingizini, na wakarusha mpira wakati wengine wote wanakimbia. Kutoka pale walienda Valdosta State, kisha Kentucky, na Leach akaja kuongoza Texas Tech kuanzia 2000 hadi 2009. Alifariki Desemba 2022. Iowa Wesleyan yenyewe ilifungwa 2023. Nilipita pale mwaka uliofuata, nikasimamisha gari tu, nikaendelea.

Angalia pia jinsi kazi inavyorithiwa. Lincoln Riley alikuwa kwotabeki wa kawaida Texas Tech asiye na skolashipu. Leach alimtoa uwanjani mwaka 2003, akamfanya msaidizi akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 2017 Riley alikuwa kocha mkuu wa Oklahoma akiwa na miaka 33. Ndiyo maana nasema usichague chuo kwa ukubwa wa uwanja. Chagua mtu wa kumbebea begi.

Miaka miwili ya kadi

Hatua inayofuata ni kuwa msaidizi mwanafunzi wa shahada ya pili. Chuo kinakulipia masomo na kukupa posho ndogo, kwa kawaida miaka miwili, na wewe unakipa maisha yako. Posho yangu ilitosha chumba, mafuta ya gari na maharage. Jambo la kuchekesha ni kwamba Iowa mahindi yamejaa mpaka upeo wa macho, lakini sembe ya kusongea ugali niliiagiza Minneapolis.

Kazi kuu ya msaidizi ni kadi. Unachora ulinzi wa mpinzani wa wiki hii, kadi moja kwa kila jaribio la mazoezi, kisha unazinyanyua mbele ya wachezaji wa akiba ili waige. Wiki moja nilichora hadi saa nane usiku na nikamweka lainibeka, mlinzi wa mstari wa pili, upande usio wake. Kadi moja tu. Ukuta wetu ukajifunza Jumanne nzima kumzuia mtu ambaye Jumamosi hakuwepo pale. Kwotabeki wetu aliangushwa mara tatu kutoka upande uleule. Mratibu hakupaza sauti. Jumapili nilikuta kadi mezani kwangu, ameandika matokeo ya mechi kwa wino mwekundu kwenye kona. Ilikaa pale mpaka Disemba kwa sababu sikuthubutu kuitoa.

Kwa hiyo: chora kadi, lala, amka uzikague kabla ya chai.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Ukihitimu, F-1 inakupa miezi 12 ya kufanya kazi inayolingana na ulichosomea. Kwa hiyo somea kitu kinachoweza kuelezwa: takwimu, sayansi ya michezo, elimu. Baada ya hapo chuo kinaweza kukuombea H-1B, viza ya kazi, na vyuo havifungwi na ile bahati nasibu ya viza inayowasumbua wenzetu wa kampuni. Kaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini chochote. Kocha mkuu hajui haya mambo, na hana muda wa kuyajua.

Wiki yenyewe

Jumapili asubuhi tunawapa alama wachezaji wetu, jaribio kwa jaribio, ndiyo au hapana kwa kila mtu. Mchana tunafungua video za mpinzani. Jumatatu tunapanga majaribio mawili ya kwanza. Jumanne na Jumatano ndizo siku za kugongana. Usiku wa Jumanne ni wa jaribio la tatu, Jumatano ni yadi 20 za mwisho karibu na lango. Alhamisi tunapunguza. Ndiyo, tunapunguza, na hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote kwa kocha kijana, maana mchoro wako mzuri uliouchora Jumatatu unakatwa kwa sababu kijana mmoja bado anasitasita. Ijumaa ni safari. Sheria inaruhusu wachezaji saa 20 tu za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya kupumzika. Sheria hiyo haijaandikwa kwa ajili ya makocha.

Jumamosi mratibu ana karatasi kubwa iliyowekewa plastiki, imegawanywa kwa rangi: jaribio la tatu refu, jaribio la tatu fupi, karibu na lango, dakika mbili za mwisho. Juu kushoto yapo majaribio 15 ya kwanza yaliyoandikwa tangu Ijumaa, utaratibu uliojulikana sana kupitia Bill Walsh, kocha wa zamani wa San Francisco 49ers. Tangu 2024 vyuo vya FBS vinaruhusiwa kuongea na kwotabeki kwa redio ndani ya helmeti, na inakatika saa ya kuanzisha jaribio ikibakiza sekunde 15. Kwetu bado ni mikono. Kuna watu watatu pembeni wanapunga kama makuli wa bandarini, na mmoja tu ndiye anayesema kweli.

Kama umekaa kibandani juu, kazi yako ni kusema mambo mawili kwenye hedseti: wachezaji gani wa ulinzi wameingia, na sefti wako wangapi. Basi. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa natoa maoni. Mratibu alinizimia sauti robo ya pili na hakuniwasha tena mpaka mapumziko.

Sebuleni kwa watu

Nusu ya kazi hii ni usajili, na hapa Kiswahili kimenilipa kuliko shahada. Divisheni ya Pili ina thamani ya skolashipu 36 kwa timu nzima, na sisi tuna wachezaji karibu mia. Kwa hiyo unagawa vipande, huyu robo, yule nusu, na lazima umweleze mzazi kwa nini mwanawe anapewa kipande.

Des Moines na miji mingine ya huku ina familia nyingi kutoka Kongo na Burundi. Mwaka juzi nilikwenda kwa mama mmoja wa Uvira, mwanawe ana kimo cha mlango na miguu ya mchezaji wa kandanda. Nikabisha, nikasema, "Shikamoo, mama." Akacheka. "Weye ni wa Tanzania! Ingia, papa, ikala." Nilikula ugali na sombe kabla ya kuruhusiwa kutaja mpira. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mzazi mwingine aliyewahi kuniuliza wazi namna ile: "Huyu mutoto anaenda kusoma, ao anaenda kupigana?"

Sikumwonyesha video ya mabao. Nilimwonyesha ratiba ya siku ya kijana: darasa saa ngapi, mwalimu wa ziada saa ngapi, daktari wa timu ni nani, na anagharamia nini yeye mwenyewe hata baada ya skolashipu. Nilimtajia hiyo pesa kwa dola, bila kuizungusha. Kijana alikuja. Anacheza takoli ya kushoto sasa, mtu wa mwisho wa ukuta upande huo, na mama yake hunipigia mimi akipata alama mbaya, hampigii yeye.

Usidanganye sebuleni. Kuna dirisha la uhamisho la kompyuta tangu Oktoba 2018, mchezaji anaingiza jina lake na vyuo vyote vinaliona. Uliyemdanganya Desemba anaondoka Desemba inayofuata, na ukimtunza vizuri kupita kiasi, wakubwa wanakuja kumchukua pia. Mwaka jana niliondokewa na wawili. Mmoja aliniaga kwa machozi, mwingine niliona jina lake kwenye orodha.

Utafukuzwa

Kocha mkuu akiondolewa, benchi zima la ufundi linafungashiwa virago. Mimi imenikuta mara moja, Novemba, Jumapili saa nne asubuhi. Saa sita mchana kadi yangu ya mlango ilikuwa haifungui. Tulikuwa tumefundisha vizuri, naamini hivyo mpaka kesho, lakini tulishinda mechi mbili. Weka akiba ya miezi mitatu na usinunue nyumba mapema. Kama una mwenza, mwambie haya kabla ya harusi, si baada.

Kila Januari chama cha makocha, AFCA, kinafanya mkutano wake mkubwa. Ukumbi wa hoteli unajaa watu waliovaa jaketi za vyuo vilivyowafukuza. Vijana wanazunguka na wasifu mkononi wakiwagawia watu wasiousoma. Usifanye hivyo. Tafuta kocha mmoja wa ukuta ambaye timu yake umeitazama kweli, mwambie, "Mchoro wenu ule wa jaribio la tatu dhidi ya watu sita, ranibeki alikuwa anamwangalia nani?" Atachukua karatasi ya kufutia mdomo na kuanza kuchora. Dakika ishirini baadaye anajua jina lako.

Usaili wenyewe ni ubao. Watakukalisha na mratibu na watu wanne wenye usingizi, watakwambia: chagua mchoro mmoja, tufundishe kama sisi ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wengi huchora kitu cha ajabu ili waonekane wajuzi. Mimi nilichora mbio za ndani, mchoro ambao kila timu ya shule inao. Nikaeleza hatua ya kwanza ya kila mmoja wa wale watano, inchi sita, mguu gani, macho yako wapi. Nikamsimamisha mratibu mwenyewe, nikamshika kiwiko, nikamrekebisha bega. Ilichukua dakika arobaini na tano kwa mchoro mmoja.

Na nenda na kalamu yako ya ubaoni. Za kwao huwa zimekauka.